Kushuka Entebbe na tiketi ya Nairobi: uchambuzi wa kisa kimoja

Swali huja kwa wakala wa tiketi wa Kampala kwa WhatsApp, karibu kwa maneno yale yale kila mara: "Ndugu yangu, Dubai kwenda Nairobi kupitia Entebbe ni nafuu kuliko Dubai kwenda Entebbe yenyewe. Nikishuka hapa nyumbani nikaiacha hiyo ya Nairobi, kuna shida gani?"

Kisa tunachokichambua ni cha mfano, ila hakuna kitu ndani yake kisichotokea. Muulizaji ni mama mwenye duka la viatu na nguo za watoto pale Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala. Yuko Dubai kununua mali, tiketi yake ya kwenda alishaitumia, sasa anatafuta ya kurudi. Tuseme tiketi ya moja kwa moja Dubai–Entebbe ni dola 340, na tiketi ya Dubai–Nairobi kwa ndege hiyo hiyo, ikiunganishwa Entebbe na ndege ndogo ya kwenda Nairobi, ni dola 255. Tofauti ni dola 85, na kwa kiwango cha shilingi za Uganda 3,600 kwa dola hiyo ni shilingi 306,000. Mtu wa biashara ndogo hawezi kuipita pesa hiyo bila kuuliza, na ana haki ya kujibiwa kwa hesabu, si kwa kutishwa.

Tuanze na sababu ya bei yenyewe, maana wengi hudhani mfumo umekosea. Haujakosea. Nauli ya ndege haipangwi kwa kilomita wala kwa idadi ya ndege utakazopanda. Hupangwa kwa jozi ya miji: unaanzia wapi, unaishia wapi, na nani mwingine anauza safari hiyo. Kati ya Dubai na Nairobi, Emirates na Kenya Airways huruka moja kwa moja. Shirika linalotaka kumpeleka abiria huyo Nairobi kwa kumsimamisha Entebbe linamuuzia safari ndefu na yenye usumbufu, kwa hiyo lazima lishushe bei, la sivyo hatalitazama. Anayetaka Entebbe, kwa upande mwingine, anapewa ndege isiyosimama popote, na anatozwa kwa urahisi huo. Kiti ni kile kile, lakini kinauzwa kwenye masoko mawili. Uzito wa jambo hili utaonekana mbele, kwa sababu kanuni hiyo hiyo inaweza kumfanyia kazi huyu mama bila hila yoyote.

Tiketi inavyofanya kazi ndani

Tiketi ya elektroniki ina namba ya tarakimu 13, tatu za kwanza zikitambulisha shirika lililoitoa. Ndani yake kila ndege ina kuponi yake, yaani rekodi ya haki ya kupanda ndege hiyo. Kuponi huanza ikiwa wazi, hubadilika abiria anapochekini, hubadilika tena anapopanda. Masharti ya mashirika mengi yanasema kuponi zitumike kwa mpangilio zilivyotolewa. Ukikosa moja, zinazofuata hufutwa, mara nyingi na mfumo wenyewe bila mtu kugusa chochote.

Kwa hiyo ujanja huu una mahali pamoja tu unapoweza kupita: kipande cha mwisho kabisa cha tiketi. Huyu mama ana tiketi ya kurudi tu, ya vipande viwili. Akiacha cha pili, hakuna kinachobaki cha kufutwa. Angekuwa na tiketi ya Dubai–Entebbe–Nairobi yenye kurudi Dubai mwezi ujao, kushuka Entebbe kungemfutia marejeo yote, na angelijua hilo siku ya kusafiri akiwa tayari kaunta.

Hapa kuna kosa la upande wa pili ambalo ni la kawaida zaidi Kampala na linaumiza zaidi. Mtu anaona tiketi ya Nairobi–Entebbe–London ni rahisi kuliko Entebbe–London. Anainunua, hajishughulishi kwenda Nairobi, anafika Entebbe na sanduku lake akidhani atadandia njiani. Hawezi. Amekosa kuponi ya kwanza, na ndege ya Nairobi ilipoondoka bila yeye, safari yote ya London ilifutika pamoja nayo. Pale kaunta ataambiwa anunue tiketi mpya kwa bei ya siku hiyo. Anayetaka bei ya Nairobi ni lazima aanzie Nairobi kwa miguu yake, na agharamie kufika huko.

Mizigo

Kama mama huyu angekuwa na begi dogo la mkononi peke yake, uchambuzi ungeishia karibu hapa. Lakini amekwenda kununua mali. Ana masanduku mawili ya kilo 23, jumla kilo 46, na hapo ndipo hesabu ya dola 85 inapovunjika.

Lebo inayofungwa kwenye sanduku pale Dubai ina namba ya tarakimu kumi na herufi tatu za kiwanja cha mwisho. Kwa tiketi hii herufi ni NBO, yaani Nairobi. EBB, yaani Entebbe, itaonekana pia, lakini kama kituo cha kupitia tu. Sanduku halipiti kwenye mkanda wa kuchukulia mizigo Entebbe. Linahamishwa chini kwa chini hadi ndege ya pili. Wengine hujaribu kuomba kaunta, na mazungumzo huwa hivi:

"Mizigo yote inaishia Nairobi, mama."

"Nikatie ya Entebbe dada yangu, kuna vitu nataka kutoa pale."

"Mfumo haunikubalii mama, unaunganisha baada ya masaa matatu tu. Ingekuwa unalala Entebbe tungeona."

Mhudumu hadanganyi. Kukata lebo fupi hufanyika pale ambapo kusubiri ni kwa usiku kucha au sheria za nchi zinalazimisha mzigo uchukuliwe njiani. Marekani, kwa mfano, anayeingia kwa kawaida huchukua mzigo wake kwenye kiwanja cha kwanza cha kuingilia hata kama anaendelea mbele. Entebbe, kwa anayepita tu, hakuna sharti hilo.

Tuseme basi amekubali lebo ya Nairobi akitumaini kwamba "wataleta tu". Ndege ya Dubai inatua. Anafuata njia ya wanaowasili, anapita uhamiaji kwa pasipoti yake ya Uganda bila swali, anatoka nje. Kwenye geti la ndege ya Nairobi jina lake linaitwa mara ya kwanza, ya pili, ya mwisho. Wahudumu wanaona kwenye skrini kwamba abiria huyu alichekini tangu Dubai, hajapanda, na ana vipande viwili vya mzigo. Ndege haiwezi kuondoka hivyo hivyo.

Chanzo cha kanuni hii si urasimu. Tarehe 23 Juni 1985 ndege ya Air India namba 182 ililipuliwa juu ya Atlantiki na watu 329 wakafa. Bomu lilikuwa kwenye sanduku la mtu aliyechekini na hakupanda. Desemba 1988 ndege ya Pan Am namba 103 ililipuliwa juu ya Lockerbie, Uskoti, wakafa watu 270, na bomu lilikuwa kwenye sanduku lisilo na mwenyewe ndani ya ndege. Leo Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, kinachosimamia usalama wa usafiri wa anga, kinakataza kusafirisha mzigo wa mtu asiyepanda mpaka utambuliwe kuwa hauna mwenyewe na ukaguliwe ipasavyo. Njia ya haraka ya kutimiza hilo ni kuutoa.

Kuutoa ni kazi. Njia fupi za kutoka Entebbe huhudumiwa pia na ndege ndogo kama CRJ-900, ambazo mizigo yake hupangwa mmoja mmoja kwa mkono, si kwenye makontena. Vijana wa kupakia hufungua mlango wa tumbo la ndege na kusoma lebo moja baada ya nyingine hadi wapate zile mbili. Abiria wengine wamefunga mikanda, wanasubiri. Kati yao kuna anayewahi ndege nyingine Nairobi. Tunalisema hili wazi: anayefanya hila hii akiwa na mzigo uliokabidhiwa anawachelewesha watu ambao hawakuhusika na punguzo lake, na hatuoni namna ya kulihalalisha.

Masanduku yakitolewa, yanabaki Entebbe kwenye ofisi ya mizigo, na mwenyewe itabidi arudi kuyadai na kueleza kwa nini hakuendelea. Yasipopatikana kwa wakati, yakakaguliwa na kuruhusiwa, yanafika Nairobi bila mtu. Kuyarudisha kunaweza kuwa kwa gharama yake, maana shirika lilitimiza ahadi: liliahidi kuyafikisha Nairobi. Bado forodha. Mali ya biashara hulipiwa ushuru pale inapoingia, na msamaha ambao sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humpa msafiri aliyekaa nje zaidi ya saa 24 si wa bidhaa za kuuza. Kueleza kwa maofisa wa Kenya kwa nini viatu vya Kikuubo viko Nairobi bila mwenyewe si mazungumzo ya dakika tano.

Akiacha masanduku na kutuma mali kwa wakala wa shehena wa Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, je? Atabaki na kilo 7 za mkononi, kilo 39 ziende kwa shehena. Hata tukisema dola 4 kwa kilo, hiyo ni dola 156. Ameokoa 85 kwa kutumia 156. Na hata begi la mkononi halina uhakika: ndege ikijaa, wahudumu wa geti Dubai huchukua mabegi ya magurudumu na kuyashusha chini, nayo hufungwa lebo ya kituo cha mwisho. Anayesafiri kwa mtindo huu abebe begi laini linaloingia chini ya kiti, au asisafiri kwa mtindo huu.

Ndege ikibadilishwa

Hili ndilo jambo ambalo watu hawalifikirii kabisa, na kwa msafiri asiye na mizigo ndilo hatari kubwa kuliko zote. Mkataba wake unasema Nairobi. Ndege ya Dubai–Entebbe ikifutwa au ikichelewa hadi akose ndege ya kuunganisha, wajibu wa shirika ni kumfikisha Nairobi, na njia rahisi ni kumpandisha ndege ya shirika jingine Dubai–Nairobi moja kwa moja. Kwa macho ya mhudumu huo ni upendeleo mkubwa: anafika mapema, hapiti popote. Mama hawezi kulalamika kwamba hakupitishwa Entebbe, kwani Entebbe haikuwa safari yake.

Akifika Nairobi namna hiyo, ana njia mbili. Ndege ya kurudi Entebbe, ya saa moja na dakika chache, kwa bei ya dirishani. Au basi la usiku kupitia Busia au Malaba, kilomita zaidi ya 600, safari ya saa 12 na zaidi kutegemea foleni ya mpaka. Kitambulisho cha taifa cha Uganda kinatosha kuvuka, hilo angalau halimsumbui. Lakini zile dola 85 zimekwisha barabarani.

Karatasi za kuingilia nazo hukaguliwa kwa kufuata kituo cha mwisho. Mganda haulizwi kibali cha elektroniki cha kuingia Kenya, kwa kuwa nchi yake ni kati ya zilizosamehewa. Mume wake, tuseme ni Mhindi, atazuiwa na kaunta ya Dubai asipokuwa nacho, hata kama moyoni anajua hafiki Kenya, na juu yake atahitaji viza ya Uganda ya kushukia Entebbe. Wawili wa tiketi moja wanaweza kuwa na masharti tofauti kabisa, na kisa cha mmoja kisichukuliwe kuwa ruhusa ya mwingine.

Nani analipa wakikugundua

Si kosa la jinai. Polisi wa kiwanja hawana cha kukushitakia kwa kushuka nchini mwako. Ni uvunjaji wa masharti ya mkataba, na shirika lina njia zake: kufuta maili ulizochuma (pointi wanazopewa wateja wa kudumu), kufunga uanachama wako wa pointi hizo, kukataa kukuuzia tena, au kudai tofauti ya nauli.

Madai mahakamani ni machache. Linalotajwa sana ni la Lufthansa nchini Ujerumani: abiria alinunua tiketi ya Oslo–Frankfurt–Seattle kwenda na kurudi, na wakati wa kurudi mwaka 2016 akashuka Frankfurt, hakufika Oslo. Shirika lilidai zaidi ya euro 2,000. Mahakama ya Berlin ililitupa dai hilo Desemba 2018 kwa sababu namna ya kukokotoa tofauti haikuwa wazi kwa mteja, na shirika likakata rufaa. Marekani, Oktoba 2024, baraza la raia waamuzi (jury) mahakamani huko Texas liliamua Skiplagged, tovuti inayowatafutia watu tiketi za namna hii, iilipe American Airlines dola milioni 9.4. Hiyo iliihusu tovuti na matumizi ya nembo. Hakuna abiria aliyeshitakiwa pale. Kwa hiyo anayekuambia utafungwa anakutisha bure, na anayekuambia hakuna lolote amesoma nusu ya habari.

Nusu nyingine iko Kampala, ofisini kwa wakala. Tiketi ikitolewa na wakala aliyesajiliwa IATA, yaani chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, shirika halihitaji kumtafuta abiria. Linamtumia wakala hati ya deni, na mfumo wa malipo unaikata kwenye hesabu zake pamoja na mauzo ya kipindi hicho. Hati hiyo inaweza kuja hadi miezi tisa baada ya tarehe ya mwisho ya safari. Fikiria wakala aliyepata kamisheni ndogo au ada ya huduma ya shilingi 50,000, halafu miezi saba baadaye anakatwa dola 85 au zaidi kwa tiketi asiyoikumbuka. Ana pingamizi anaweza kuandika, lakini ikiwa amezitoa tiketi sita za aina hiyo kwa wafanyabiashara sita wa mtaa mmoja, mpangilio unaonekana wazi na pingamizi halina nguvu. Ndiyo maana wakala mwenye akili hukataa akishaambiwa nia, na mteja asimwone mbaya. Kumficha wakala nia yako ni kumbebesha deni lako.

Je, watajua? Mara moja, bila mzigo, pengine hapana. Watu hukosa ndege za kuunganisha kila siku kwa kuugua, kupotea au kulala. Tiketi ya Nairobi mkononi mwa Mganda haina cha kushangaza. Kinachoonekana ni kurudia: jina lile lile, namba ile ile ya uanachama, kipande kile kile kilichoachwa. Kwa hiyo anayeamua kufanya, pamoja na yote tuliyosema, asiweke namba ya maili, asikabidhi mzigo, na akishuka apite kwenye dawati la wanaounganisha aseme kwa adabu: "Siendelei na safari, nitoeni kwenye orodha." Asibuni ugonjwa. Maneno hayo yataandikwa kwenye rekodi yake, ndiyo, lakini ndege itaondoka kwa wakati.

Alichoshauriwa mama

Turudi kwenye kanuni ya bei. Nairobi ilikuwa nafuu kwa sababu shirika linalopitia Entebbe lilikuwa likiyanyang'anya mashirika mengine abiria wao wa Nairobi. Basi na mashirika mengine yanalinyang'anya shirika hilo abiria wake wa Entebbe kwa namna hiyo hiyo. Ethiopian humfikisha Entebbe kwa kumpitisha Addis Ababa, RwandAir kupitia Kigali, Kenya Airways kupitia Nairobi. Kwao yeye ndiye abiria wa kuunganisha anayebembelezwa kwa bei, na tiketi inaishia anakotaka kufika. Wakala akitafuta Dubai–Entebbe kwa siku tatu kabla na tatu baada, akiruhusu kituo kimoja, tuseme akapata ya dola 275 yenye masanduku mawili ndani. Ni dola 20 juu ya ile ya hila, ni 65 chini ya ile ya moja kwa moja. Lebo itaandikwa EBB. Ndege ikivurugika, wajibu wa shirika ni kumleta nyumbani, na gharama ya kulala Addis Ababa kwa kuchelewa kwao si yake.

Vitu viwili akague kabla ya kulipa. Cha kwanza, uzito wa mizigo kwenye nauli hiyo hiyo, si kwenye tangazo la shirika. Nauli mbili za ndege moja zinaweza kutofautiana sanduku zima, na sanduku la ziada likilipiwa kiwanjani humeza punguzo lote. Cha pili, muda wa kuunganisha. Chini ya saa moja na nusu mzigo unaweza kuachwa nyuma. Ukizidi saa 24 kituo kinahesabiwa kuwa kituo cha kukaa na nauli inapangwa upya.

Kama alikuwa tayari amenunua ile ya Nairobi kupitia wakala, bado kuna mwanya, ila ni mfupi. Tiketi iliyotolewa leo kwa kawaida wakala anaweza kuibatilisha leo leo, kabla siku haijafungwa kwenye mfumo, na pesa yote ikarudi. Asisubiri kesho. Kuanzia kesho masharti ya nauli ndiyo yanayotawala, na nauli za bei ya chini namna hii nyingi hurudisha kodi za viwanja peke yake. Akichelewa, aombe tiketi ibadilishwe iishie Entebbe na aulize tofauti kwa maandishi: mara nyingi ni zile dola 85 pamoja na ada ya mabadiliko, na mtu mwenye kilo 46 za mali afadhali azilipe hapo kaunta, lebo ibadilishwe, kuliko kuyafuata masanduku yake Nairobi.